Nani Ageuze Ukurasa?

Jioni ya tarehe 5 Aprili 1803, katika ukumbi wa Theater an der Wien mjini Vienna, Ludwig van Beethoven aliketi kwenye piano kupiga hadharani kwa mara ya kwanza konsati yake ya tatu ya piano na okestra. Kando yake alimweka Ignaz von Seyfried, mwongozaji wa muziki wa ukumbi huohuo, amgeuzie kurasa. Seyfried alikuwa mwanamuziki aliyekomaa, kazi hiyo isingemshinda. Lakini alipotupa macho kwenye karatasi alikuta kurasa karibu tupu. Hapa na pale palikuwa na vialama vichache vya wino, kwake vilifanana na maandishi ya Wamisri wa kale, vikisomeka na aliyeviandika peke yake. Beethoven hakuwa amepata muda wa kuandika sehemu yake ya piano. Alipiga karibu yote kutoka kichwani, na kila alipofika mwisho wa ukurasa usioonekana alimpa Seyfried ishara ya siri, naye akageuza. Baadaye, wakati wa chakula cha usiku, Beethoven alicheka sana akikumbuka hofu iliyomshika mwenzake.

Kisa hicho husimuliwa kwa sababu ya ucheshi wake. Kwangu mimi kina uzito mwingine: hata ukurasa mtupu ulihitaji mtu wa kuugeuza. Mikono ya mpiga piano ina kazi, mguu wake uko kwenye pedali, na karatasi ikifika mwisho imefika. Tangu wanamuziki wa Ulaya walipoanza kupiga kutoka kwenye maandishi, ilibidi mtu fulani abebe kazi hiyo. Ukifuatilia ni nani aliyebebeshwa, karne baada ya karne, unatoka kwenye kalamu ya mnakili hadi kwenye vifaa ambavyo mwanamuziki wa leo anavivaa mwilini.

Zamani za kale maandishi ya muziki yalikuwa ya kukumbusha tu. Waimbaji wa kanisa walijifunza nyimbo kwa kusikia, miaka na miaka, na alama zilizowekwa juu ya maneno ziliwaambia sauti ipande au ishuke. Karibu mwaka 1025 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alizipanga nota juu ya mistari ili mwimbaji aweze kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Papa John XIX alimwita Roma amwonyeshe mbinu hiyo. Silabi alizotumia kufundishia ndizo mama wa do, re, mi ambazo wanakwaya wa Afrika Mashariki wanazijua vizuri. Sarah Glover wa Norwich alizitengenezea mfumo wa herufi katika karne ya 19, John Curwen akaueneza, na wamisionari wakaja nao huku. Lakini uvumbuzi wa Guido ulikuwa na bei yake. Anayeimba asichokijua kwa moyo hawezi kuondoa macho kwenye karatasi, na karatasi ina mwisho.

Waliobebeshwa mzigo huo kwanza walikuwa wanakili. Katika karne ya 15 waimbaji wa makanisa makubwa, wale wa kanisa dogo la Papa huko Roma wakiwa miongoni mwao, walisimama wote mbele ya kitabu kimoja kikubwa mno, kilichoinuliwa juu ya kiegemezo cha mbao, nota zake zikiwa kubwa kiasi cha kusomwa na watu kumi na zaidi kwa pamoja. Kila sauti iliandikwa mahali pake: sauti ya juu upande wa kushoto juu, sauti ya tenor chini yake, sauti ya kati upande wa kulia juu, besi chini. Sasa fikiria kazi iliyomkabili mnakili. Sauti ya juu ina nota nyingi za haraka, inakula nafasi. Sauti ya tenor inashika nota ndefu chache, inatosha mistari miwili. Hata hivyo sauti zote nne lazima zifike mwisho wa kurasa zake mbili kwa wakati mmoja, kwa maana kitabu ni kimoja, na kikigeuzwa kimegeuzwa kwa wote. Kwa hiyo mnakili alihesabu kabla ya kuchovya kalamu, akabana hapa, akaachia kule, akaacha ngozi tupu pale ambapo ilimpasa kuacha. Ngozi ya mnyama ilikuwa ghali. Aliyeacha nafasi tupu juu yake alijua kwa nini anaiacha.

Kisha chapa ikaja. Mwaka 1501 Ottaviano Petrucci alichapisha mjini Venice kitabu cha kwanza cha muziki wa sauti nyingi kwa herufi za chuma zinazopangwa, na desturi ya kuchapa kitabu kidogo cha peke yake kwa kila sauti ikaenea. Mzigo uligawanyika: kila mmoja sasa aligeuza ukurasa wake, kwa wakati wake. John Dowland, mpiga kinanda cha nyuzi wa Uingereza, alipata njia nyingine mwaka 1597. Katika kitabu chake cha kwanza cha nyimbo kila wimbo unaenea kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na sehemu za waimbaji zimechapwa zikielekea pande tofauti. Unakilaza kitabu mezani, marafiki wanaizunguka meza, kila mmoja anasoma upande wake, na hakuna wa kugeuza chochote hadi wimbo uishe. Sijaona suluhisho lililo zuri kuliko hilo katika historia hii nzima. Halikuhitaji mtumishi wala chombo, ila mchapaji aliyewafikiria watu watakaokaa kuizunguka meza ile.

Muziki ulipozidi kurefuka, adabu hiyo ya wanakili iligeuka kuwa kanuni za kazi. Mnakili mzuri wa sehemu za okestra huhakikisha mwisho wa ukurasa wa kulia unaangukia penye kimya, mkono upate nafasi. Ikishindikana, huandika chini herufi V.S., kifupi cha amri ya Kiitaliano inayomtaka mpigaji ageuze upesi. Kwenye safu za fidla wapigaji wawili hushiriki stendi moja. Anayekaa upande wa ndani ndiye anayegeuza, mwenzake anaendelea. Maana yake, ukurasa ukigeuka mahali pabaya, nusu ya fidla zote hunyamaza kwa pamoja, hata kama mtunzi ameagiza sauti kubwa kuliko zote. Wakutubi wa okestra hadi leo huzirudisha sehemu zilizopangwa ovyo, na wana haki.

Kulikuwa na njia ya kuukwepa ukurasa kabisa: kuujua muziki kwa moyo. Kwa wapigaji wa taarabu wa pwani yetu hilo halina ajabu lolote, lakini Ulaya ya miaka ya 1830 ililiona kuwa ni kiburi. Clara Wieck, ambaye baadaye aliolewa na Robert Schumann, alipiga bila karatasi mjini Berlin mwaka 1837, na mwandishi Bettina von Arnim alimlaumu kwa kujiona. Franz Liszt naye alipiga hivyo, na kabla karne haijaisha lawama ilikuwa imegeuka sharti: mpiga piano wa peke yake aliyekuja jukwaani na vitabu alionekana hajajiandaa. Ni sharti lililowatesa wengi. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, alilikataa uzeeni. Katika miaka yake ya mwisho alipiga ukumbi ukiwa gizani, taa ndogo ikimulika nota tu, na mtu wa kumgeuzia ameketi pembeni.

Huyo mtu wa pembeni anastahili kuelezwa, kwa sababu jina lake halionekani kwenye programu ya tamasha. Hukaa kushoto kwa mpiga piano, nyuma kidogo. Havai bangili zinazolia wala nguo inayovuta macho. Ukurasa ukikaribia mwisho husimama, hunyoosha mkono wa kushoto kupitia juu, hushika kona ya juu ya kulia ili mkono usizibe mistari, halafu husubiri. Lazima asome nota sawasawa na mpigaji, ajue palipo na alama za kurudia, wapi watarudi kurasa tatu nyuma, na asigeuze karatasi mbili kwa pamoja. Anafanya kazi ya mwanamuziki na hatoi sauti hata moja. Wapiga vinanda vya makanisani humtegemea zaidi, maana kwao huyohuyo huvuta na kusukuma vile vishikizo vinavyobadilisha sauti za mabomba.

Wavumbuzi walijaribu kumwondoa kwa chemchemi, mikono ya chuma na nyaya. Vifaa vingi vya namna hiyo viliandikishiwa hataza, vichache vilidumu jukwaani. Tatizo lao halikuwa nguvu ya kusukuma karatasi. Lilikuwa ni kujua wakati.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha utafiti uliopima jambo ambalo walimu wa piano walilijua bila vipimo. Aliwapa wanamuziki nota za kusoma palepale, kisha akaziondoa ghafla machoni pao wangali wanapiga. Wasomaji wazuri waliendelea kwa karibu nota saba zaidi bila kuona kitu. Jicho lilikuwa limetangulia, mkono ukifuata nyuma. Kwa hiyo wakati sahihi wa kugeuza ukurasa ni kabla nota za mwisho hazijapigwa: jicho limekwisha kuzichukua na sasa linadai mstari wa juu wa ukurasa ujao. Anayegeuza vizuri hufuata jicho la mpigaji. Masikio yake yakimwongoza peke yake, atachelewa.

Kompyuta iliingia kupitia okestra za dansi kabla ya kuingia kwenye kumbi za muziki wa kale. Mwimbaji na mpiga piano wa New Orleans, Harry Connick Jr., alichoka na makaratasi ya bendi yake kubwa, akawawekea wenzake skrini kwenye stendi, na mwaka 2002 akapewa hataza ya Marekani kwa mfumo wa kuonyesha nota kwa bendi nzima, mabadiliko ya mpangilio yakiwafikia wote kutoka sehemu moja. Miaka michache baadaye Nicholas Kitchen, fidla ya kwanza katika kundi la Borromeo String Quartet, alianza kupiga akisoma kwenye kompyuta ya mapajani, na wenzake wakamfuata. Sababu yake ni ya kimuziki kabisa. Kwa karne nyingi mpiga fidla wa kundi la wanne aliona sehemu yake tu, kwa kuwa sehemu zote nne zikiandikwa pamoja kurasa huwa nyingi mno kwa mtu mwenye fidla mkononi. Kwa skrini na pedali ya mguuni, kila mmoja wa wanne hao aliweza kusoma kazi nzima, akaona mwenzake anafanya nini katika kila kipande. Walifika hata kupiga Beethoven wakisoma mwandiko wake mwenyewe.

Hapo ndipo mguu ulipobebeshwa zamu. Hugh Sung, mpiga piano aliyefundisha katika Curtis Institute ya Philadelphia, alishirikiana na Lester Karplus kuanzisha AirTurn, kampuni ya Colorado inayotengeneza pedali zisizo na waya. Mwezi Aprili 2010 Apple ilianza kuuza iPad, na mwaka huohuo forScore, programu ya kusomea nota, ikatoka. Kishikwambi kilikuwa chepesi, hakikuwa na feni ya kuvuma, na kiliweza kubeba maktaba nzima. Pedali yenyewe haikuwa na maajabu: ilijitambulisha kwa kishikwambi kama kibodi, na ilipokanyagwa ilituma amri ileile ya kitufe cha mshale. Programu ikaongeza jambo ambalo karatasi haiwezi, yaani kugeuza nusu ya juu ya ukurasa kwanza na kuiacha ya chini, ili jicho lililotangulia likute nota zinalisubiri. Mwaka 2012 Brussels Philharmonic ilipiga ikisomea vishikwambi vya Samsung jukwaani. Mwaka 2017 ikaja GVIDO ya Japani, yenye skrini mbili za wino wa kielektroniki zinazofunguka kama kitabu, zisizoumiza macho.

Mpiga fidla alipata raha. Mpiga piano alipata nusu ya raha, kwa sababu mguu wake wa kulia haubanduki kwenye pedali ya kurefusha sauti, na wa kushoto una pedali yake pia. Lakini tazama wengine. Mpiga kinubi wa okestra, tangu Sébastien Érard alipokamilisha kinubi cha pedali mwaka 1810, ana pedali saba chini yake, kila moja ikiwa na hatua tatu, na katika muziki mgumu miguu yake haitulii. Mpiga ngoma wa bendi ana mguu mmoja kwenye ngoma kubwa na mwingine kwenye matasa. Mpiga kinanda cha kanisani anapiga wimbo mwingine kabisa kwa miguu. Ukimwambia huyu kwamba kifaa kinaacha mikono huru, humjasaidia kitu.

Ndiyo maana, katika miaka hii kumi na kitu, utafutaji umepanda mwilini. Kuna pete zenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kuna swichi ndogo ya kuuma kwa meno, inayomfaa mpiga kinanda, isiyomfaa kabisa mpiga filimbi wala tarumbeta. Google ilipotoa miwani yake yenye kiskrini mwaka 2013, waongozaji wa bendi walikuwa miongoni mwa waliotaka kuijaribu; Cynthia Johnston Turner aliivaa akiwa mwongozaji katika Chuo Kikuu cha Cornell. Na kuna kichwa. Kihisi kidogo kinachopima mwendo, cha aina iliyomo ndani ya kila simu, kikivaliwa kichwani kinaweza kutambua mtu ameinamisha kichwa au amekigeuza upande.

Kwenye karatasi ya mhandisi jambo hili ni rahisi. Kwenye muziki ni gumu, kwa kuwa kichwa cha mwanamuziki hakikai bure. Mwaka 1993 mtafiti Jane Davidson alionyesha kwamba watazamaji wanaweza kutofautisha upigaji wenye hisia na usio na hisia kwa kuangalia mwendo wa mwili peke yake. Mpiga chelo anainama pale wimbo unapoinama. Anavuta pumzi na kichwa kinapanda. Anawapa wenzake ishara ya kuanza kwa kutikisa kidevu. Kihisi kinachongoja ishara ya kichwa kinazipokea zote hizo, na mtengenezaji anabaki na uchaguzi usiopendeza: akikifanya chepesi, kitageuza ukurasa katikati ya sentensi ya muziki, akikifanya kizito, mpigaji atalazimika kufanya ishara kubwa isiyohusiana na muziki, hadhira ikimwangalia. Mwaka 2020 forScore ilichukua njia ya uso. Kamera ya vishikwambi vipya, ile inayopima kina, husoma mpigaji akikonyeza jicho, akisogeza mdomo upande mmoja au akigeuza kichwa. Hapo hakuna cha kuvaa tena. Mwili wenyewe ndio swichi, na ni lazima ufundishwe kutulia mahali ambapo haukuwahi kufundishwa.

Watafiti wengine waliona tangu zamani kwamba kiungo kilicho huru hakipo, na wakauliza kama mashine haiwezi kusikiliza. Mwaka 1984, katika mkutano wa muziki wa kompyuta mjini Paris, Roger Dannenberg na Barry Vercoe walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kompyuta inayomfuata mpigaji ndani ya nota na kumsindikiza. Mwaka 2008 Andreas Arzt, Gerhard Widmer na Simon Dixon walichapisha kazi yao juu ya ugeuzaji wa kurasa kwa usikivu wa mashine: kompyuta inalinganisha sauti inayopigwa na ile inayotarajiwa, inakadiria mahali mpigaji alipo, na wakati ukifika inatoa amri. Mwezi Februari 2015 mfumo wa Widmer na Arzt ulifuata okestra nzima ya Concertgebouw mjini Amsterdam ikipiga kazi ndefu ya Richard Strauss kuhusu safari ya mlima, ukionyesha nota kwenye vishikwambi. Yule mtu wa pembeni anayesoma bila kutoa sauti alikuwa amepata mrithi. Mrithi huyo hufanya kazi vizuri zaidi muziki unapopigwa kama ulivyoandikwa. Mazoezini, mtu anaporudia kipande kimoja kigumu mara ishirini, anaposimama, anaporuka, mambo huwa magumu zaidi kwake.

Vifaa vyote hivi, vya kuvaa, vya kukanyaga na vya kusikiliza, vimejengwa juu ya dhana kwamba anayesoma anasoma kwa macho. Louis Braille, kipofu, mpiga kinanda wa makanisa ya Paris, alichapisha mwaka 1829 mfumo wake wa nukta ukiwa na maandishi ya muziki ndani yake. Kwa msomaji wake mkono unaosoma ndio mkono unaopiga. Mpiga piano asiyeona husoma mstari wa mkono wa kulia kwa vidole vya kushoto huku wa kulia ukijaribu, kisha hubadilisha, kisha huunganisha, na mwisho lazima ajue yote kwa moyo, hata pale wenzake wanapoketi na vishikwambi mbele yao. Nchini Uingereza Vahakn Matossian na kampuni yake ya Human Instruments wametengeneza fimbo ya mwongozaji inayotuma mwendo wake kwa mitetemo hadi kwenye kifaa anachovaa mwanamuziki asiyeona, ili aanze pamoja na wengine. Mitetemo hiyo inampa mapigo. Nota zenyewe bado anazipata nyumbani, kwa ncha za vidole, kipande kwa kipande, wiki kadhaa kabla ya zoezi la kwanza.